Kizingiti Chenye Jina Lako

Kaka Vigmar,

Barua hii ameniandikia padri wa parokia jirani. Wa kwetu simwamini, anakula kwa mkeo.

Mchuuzi wa Gotland alipoleta salamu zako kutoka Ugiriki, nilimtaka azirudie mara mbili. Huku umekufa miaka mitatu sasa! Assur, uliyesafiri naye, alirudi peke yake akasema umekufa kwa homa. Wifi Gyrid akakusimamishia jiwe la kumbukumbu kando ya daraja, kisha akaolewa na Assur huyohuyo.

Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa mapacha. Kanisa jipya linajengwa kwa mawe na kila nyumba inachangia. Siku mbili tu baada ya salamu zako, wifi alichangia jiwe lako. Limelazwa mlangoni, maandishi yakitazama chini.

"Wifi, mumeo unamfanya kizingiti?" nikamuuliza.

"Wanaoingia watamwombea. Wewe umechangia nini zaidi ya mdomo?"

Nikaenda kwa Sibbe aliyelichonga jiwe hilo. Alinoa patasi weee, mwishowe akaguna, "Dada, mimi mchongaji tu. Jiwe lile Gyrid alikuja kulichagua wakati wa mavuno."

"Mavuno yapi?"

"Yale ya mwisho ya kaka yako hapa, kabla hajasafiri. Alikuwa kule shambani, anafunga miganda."

Ukirudi, fikia kwangu kwanza. Kwa mkeo usinywe hata maji.

Ni mimi dada yako Ragnfrid, niliyekataa kukaa matanga yako.