Shairi Walilomtungia Damase

Machimbo ya dhahabu, karibu na Dawson, kaskazini mwa Kanada
Aprili 1903

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi ya mwana aliye mbali. Natumaini kifua hakikusumbui tena kama mwaka ule tulioondoka, na kwamba Zélie anakusaidia kukamua ng'ombe bila kunung'unika sana. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nalala. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Zélie, dada yangu, wewe unayesoma, tafadhali soma mkiwa wawili tu. Funga mlango. Asiwepo Padri Cyprien wala jirani yeyote, hata akija na mkate wa moto. Mwishoni nina ombi kwa mama, nalo ni la haraka, kwa hiyo msiiache barua katikati mkaanza kulia.

Barua yenu ilinifikia juzi. Mnasema gazeti lilitangulia, Padri akalitafsiri shairi la Bwana Haddow na kulisoma kanisani, na watu walilia mpaka waimbaji wakashindwa kuimba. Mnasema mmemsomea Damase misa, na mama amelikata lile shairi akalibandika ukutani chini ya msalaba. Mnaniuliza kwa nini sikuandika mimi, kaka yake. Mna haki ya kuuliza. Nitajibu, ila niacheni nianze na Haddow.

Haddow ni mtu mpole, mwembamba, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini na jioni hutunga mashairi kuhusu sisi wachimbaji. Sururu hajawahi kuishika. Lakini ana sikio. Hukaa kwenye kona ya baa, anasikiliza, na wiki ijayo unajikuta gazetini, mrefu kuliko ulivyo na jasiri kuliko ulivyo. Tulimpenda kwa hilo, sitadanganya. Mtu anayekula maharage asubuhi na jioni, anayelala na soksi mbichi kifuani ili zikauke, akisikia ametungiwa beti husahau kwa muda kwamba hana kitu.

Shairi lake la kwanza kuhusu Damase lilikuwa la kuchekesha. Huku kila kibanda kina rafu nje ya mlango, na juu yake chupa tatu za kupimia baridi: ya zebaki, ya mafuta ya taa na ya dawa ya maumivu. Zebaki ikiganda, mwenye akili haendi mbali. Dawa nayo ikiganda, hatoki kabisa. Siku moja Damase alitokea mjini wakati zebaki imeganda, kwa sababu alisahau kuangalia rafu. Alisahau tu, mama, unajua kichwa chake. Haddow akamgeuza mtu asiyejali chupa, mtu ambaye baridi humpisha njia.

Tangu siku hiyo hakujinunulia kinywaji. Akiingia tu, baa nzima inapaza sauti, “Chupa imeganda, Damase kashatoka!” Naye kijana wetu, aliyerithi nguo za kila mtu mle nyumbani, sasa alikuwa na kitu kilichokuwa chake. Alitembea tofauti. Alianza hata kunipa mimi ushauri.

Ubaya ni kwamba baridi kali ilipoingia, alikaa ndani kama sisi wengine, na wenzake hawakumsamehe. Wakikutana naye ni kejeli. “Vipi, leo umeichungulia chupa?” “Mwacheni, kaka mtu kamfungia.” Jamaa mmoja aitwaye Tobin alimwambia mbele ya watu kwamba lile shairi ni koti la mtu mwingine, kwake linampwaya. Damase alicheka nao. Alipofika kibandani hakula, na mimi nikajua limemwingia.

Mwezi wa Desemba Haddow akatangaza kwamba Jumamosi atasoma beti mpya za Damase. Jumamosi ile, mama, dawa ilikuwa imeganda ikawa nyeupe. Nilimwambia hatoki mtu hapa. Akasema, “Yaani nisomwe mimi, halafu mwenyewe nisiwepo?” Tulibishana, akavua viatu vyake, nikaamini yamekwisha. Nikashuka shimoni kuchochea moto, maana ardhi ya huku bila kuyeyushwa haichimbiki. Nilipopanda, Damase hayupo, na ile chupa ya dawa haipo rafuni. Aliibeba akawaonyeshe.

Nilimfuata mpaka pumzi ikaanza kunikata kifuani, kisha upepo ulikuwa umefuta nyayo zake na nikalazimika kurudi. Sijawahi kuichukia nchi kama nilivyoichukia hii siku ile.

Mbeba posta ndiye aliyemwona kando ya mto, amekaa, nyusi zimejaa barafu. Alimdhania maiti. Akampakia kwenye gari lake la theluji linalokokotwa na mbwa, akamshusha kwenye kibanda cha mkata kuni ili aje kuchukuliwa baadaye, akaendelea na safari mpaka mjini akiwa na ile chupa aliyoikuta mfukoni mwake. Aliiweka juu ya meza ya baa, akasimulia. Haddow akaitazama chupa, akaona ni ya dawa, na moyo wake mwema ukamaliza kazi: Damase alikuwa anampelekea mgonjwa dawa. Alitunga huku analia, wakachapa, na gazeti likaondoka na posta. Hilo ndilo mlilolibandika ukutani. Hakukuwa na mgonjwa, mama. Damase alitoka kwa sababu walimcheka.

Sasa Zélie, mshike mama mkono.

Damase hakufa. Mke wa mkata kuni aliona ukope ukitikisika. Walikaa naye siku nyingi mpaka baridi ilipopungua, ndipo akaletwa hospitali ya masista. Daktari alimkata miguu yote miwili chini ya magoti, na vidole vya mkono wa kulia. Yuko hai, yuko kitandani, ninamwona kila Jumapili.

Haddow alikuja na kofia mkononi, akasema ataandika kwa magazeti yote kusahihisha. Damase akamkataza. Alimwambia, “Yule wako alikwenda kuokoa mtu, Bwana Haddow. Mimi nilikwenda kunywa. Mwache yule abaki.” Kisha akaniapisha kwa kaburi la baba kwamba nisiwaandikie. Alisema mama amepata mwana wa kujivunia, na mimi nataka nimpokonye nimpe kigogo hiki kisicho na miguu. Niliapa, kwa sababu alikuwa analia na sikuweza kumtazama. Ndiyo maana mlikosa barua yangu.

Leo navunja kiapo, na Mungu aniadhibu apendavyo. Hali chakula. Anageukia ukutani. Sista anasema vidonda vimepona, si vidonda vinavyommaliza. Mwezi uliopita kwenye kitanda cha jirani aliletwa mzee aliyevunjika nyonga, akamkariria lile shairi lote, machozi yakimtoka, bila kujua anamkariria nani. Damase alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, “Ni zuri sana, mzee.” Tangu siku hiyo anapokea chai tu, tena kwa kijiko. Nimembembeleza, nimemfokea, nimepiga magoti. Ananiita kaka wa marehemu.

Mbwa wa posta wanaondoka kesho, na ndiyo safari ya mwisho kabla barafu ya mto haijapasuka. Baada ya hapo hakuna kinachoingia wala kutoka mpaka meli za kiangazi. Kwa hiyo ombi langu ni hili, mama. Mwandikie. Usimwandikie maneno matamu, wala usimwambie ni shujaa. Kusifiwa ndiko kulikomfikisha hapa. Mgombeze. Muulize alikuwa na akili gani kutoka nje siku ile. Mwambie arudi nyumbani alivyo, na kwamba utamchapa kwa mwiko akifika. Sauti hiyo ataitambua, na labda atageuka kutoka ukutani ajibu.

Sijui kama itawahi. Sitakudanganya, mama, sidhani. Ila barua yako ikimkosa, basi mlilieni upya, nyinyi wawili, aliyechekwa kidogo tu akatoka kwenda kwenye baridi kama mtoto. Yule wa shairi amekwisha kuliliwa na watu wa kutosha. Damase wetu hajaliliwa na mtu bado.

Nisalimieni mjomba Ferdinand na wanawe. Msiwaambie kitu mpaka mama aamue mwenyewe.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Onésime