Soni Hana Kwao

Kinyala, 3 Juni 1996

Mkwe wangu Sekela,

Ugonile, umelala salama? Mimi nimeamka, ingawa miguu imevimba na viatu haviingii tena. Mumeo Emmanuel amesharudi kutoka Dar na hela za ndizi, au bado?

Nakuandikia wewe kwa sababu yeye yuko njiani siku zote. Mila yetu inamkataza mkwe kuonana na baba mkwe wala kusemezana naye, lakini sijasikia ikikataza kalamu. Ni juu ya Soni, yule mbwa mchungaji niliyemtoa kwenye kalvati wakati shamba la ng'ombe la shirika lilipouzwa. Tajiri mpya aliamuru mbwa wapigwe risasi, akabaki Soni peke yake. Tangu hapo anaogopa watu, hata mtu akikohoa tu. Na hapa hana kazi. Ng'ombe wetu wote wamefungiwa bandani, wanaletewa majani kama wagonjwa.

Jumamosi tarehe 22 mdogo wangu ananihamishia kwake Mbeya, maana kuteka maji siwezi tena. Mbwa hamtaki. Siku hiyohiyo mgambo wanapita kuua mbwa wote wasio na mwenyewe, kwa ajili ya kichaa cha mbwa kilichoingia kata jirani. Nitafutie mtu huko mjini, nakuomba sana.

Baba mkwe wako,
Anyelwisye

Ibighi, 9 Juni 1996

Baba yetu,

Mwagonile. Huku hatujambo, ila mtoto ana mafua. Emmanuel bado yuko Dar.

Nimezunguka hadi miguu yangu nayo ikataka kuvimba. Mwenye duka alinicheka, mwalimu anataka mbwa anayebweka. Nimempata mmoja tu, Maulidi, mchinjaji wa hapa. Nilidhani atakataa kwa kuwa ni Mwislamu, lakini alisema mbwa wa kuchunga hana ubaya ilmradi asiingie ndani. Yeye huswaga ng'ombe kwa miguu kutoka mnadani na anataka msaidizi. Atapita kwako Jumatano.

Mwanao,
Sekela

Kinyala, 15 Juni 1996

Mkwe wangu,

Salamu kwako na kwa mtoto. Ya kwangu usiulize, usingizi sipati.

Maulidi ni muungwana, hana kosa. Soni aliwaswaga ng'ombe watatu vizuri kabisa hadi mlango wa machinjio. Pale akanusa damu, akawageuza wote na kuwarudisha mbio barabara ya Kinyala, Maulidi nyuma yao kanzu mkononi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, halafu nikalia. Maulidi alimrudisha bila hasira, akasema mbwa huyu atamfilisi.

Kisha jirani yangu Ackson alimchukua na kumfunga kamba. Soni akalia usiku kucha. Asubuhi kamba imetafunwa, na yeye yuko kwangu chini ya kuni.

Nimefika mwisho, Sekela. Ukikosa mtu, Jumamosi nitamshika mwenyewe wamwue mikononi mwangu, asife kichakani peke yake.

Baba mkwe wako,
Anyelwisye

Ibighi, 18 Juni 1996

Baba,

Sina hata nguvu ya kusalimia. Tafadhali usimshike.

Watu wa mjini wamekwisha, nimebaki mimi. Siku ya msiba wa mama mkwe nilijificha nyuma ya jiko nisionane nawe, kumbe Soni naye alikuwa amejificha palepale. Alilaza kichwa miguuni pangu mpaka watu walipotawanyika. Ananijua. Lakini nikimtuma dereva hatamfuata, lazima nije mwenyewe, na ninaogopa. Nilifundwa kwamba mkwe akikutana uso kwa uso na baba mkwe analeta balaa nyumbani.

Ijumaa nitakuja na pikapu ya ndizi. Nakuomba ukae umeelekea ukutani.

Mwanao,
Sekela

Kinyala, uani kwako, 21 Juni 1996

Baba,

Naandika nikiwa nyuma ya mgongo wako. Asante kwa kugeukia ukuta. Nimeona miguu yako, nami nimeumia moyo.

Soni ametoka chini ya kuni nilipomwita. Amenifuata hadi kwenye migomba, kisha akarudi kwako. Nimejaribu tena na tena. Sasa ananizunguka, ananisukuma kwa pua na kuvuta kanga yangu, ananileta kwenye kiti chako kidogo kidogo. Anatukusanya, Baba. Hawezi kuondoka na mmoja akamwacha mwingine nyuma, na nikimbeba anatetemeka hadi naogopa atakufa.

Dereva anapiga honi. Emmanuel amekuomba mara ngapi uje kuishi kwetu, ukakataa kwa ajili yangu? Leo nakuomba mimi. Tutatundika pazia. Mdogo wako nitamwandikia. Usipokuja, kesho mgambo watamkuta hapa. Nimeishiwa, sijui nifanye nini tena.

Naiweka karatasi hii begani kwako.

Mwanao,
Sekela

(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mwanangu,

Nimesoma. Mwambie dereva azime gari, nataka kuchukua blanketi na fimbo. Pazia sitaki, litanikumbusha hospitali.

Wazee waliweka mila tuheshimiane. Miaka yote hii umeniheshimu, na mimi sijawahi hata kukushukuru kwa mdomo wangu.

Nageuka sasa. Usikimbie.

Baba yako