Naam Yangu Si Ndiyo

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, lakini ningeanza bila ya kukuamkia ungenisuta. Nakuandikia mbele ya watu kwa makusudi, kwa sababu wenzangu wa chama cha wafanyakazi wa reli wataisoma barua hii, na wao ndio niliowatia katika balaa. Jana alasiri nimepiga kura, na sikujua kama nimepiga.

Unakumbuka watu wa Michenzani walivyokuwa wakikutania, dereva wa treni katika kisiwa kisichokuwa na reli? Ulipokuja likizo kutoka bara, watoto wa jumba letu walikupokea ngazini kwa honi za mdomo. Mama aliona haya, na wewe ukawajibu kwa honi kubwa zaidi. Utani huo sasa nimeurithi mimi, pamoja na kazi yenyewe, ila treni yangu ni ya umeme na hainichafui nguo.

Likizo hizo ulikuwa ukinichukua Mkunazini kununua nyuzi za kofia. Katika vichochoro vile ulinifanya msaidizi wako. Kabla ya kila kona ulisimama ukaita, "Msaidizi!" nami nikaitika, "Naam." Nikachungulia, nikakwambia njia ipo wazi, ndipo ukapinda. Mara moja nilikaa kimya kusudi nikuone utafanyaje. Ulibaki umesimama pale pale mpaka hamali mwenye rukwama akatugombeza kwa kumzibia njia. Ulimwomba radhi, lakini hukusogea mpaka nilipoitika. Tuliporudi nyumbani ulinieleza kwamba ndani ya treni ndivyo mnavyofanya: mmoja anaita taa anayoiona mbele, mwengine anaitika, na pasipo wa kuitika treni haiondoki.

Naam hiyo hiyo nikaifanyia ujanja. Mama akiniita nende dukani, naitika vizuri kabisa, kisha nabaki nimejilaza. Akipandisha hasira, wewe ndiye wakili wangu. "Kaitika tu, hajakubali," ukimwambia. "Naam maana yake nipo, nnasikia." Mama akasema utamharibu mtoto wake. Huenda kweli umeniharibu.

Halafu wakubwa wa reli wakataka kuwaondoa wasaidizi, dereva abaki peke yake. Wewe, mjumbe wa chama, ulikataa kuondosha treni bila ya mtu wa kukuitikia. Wakakusimamisha kazi. Ulirudi Michenzani ukakaa dirishani kushona kofia mpaka macho yakakuuma, na mama akawa anauza maandazi. Mwisho wasaidizi walirudishwa, nawe ukarudishwa, lakini ulitupwa yadini kupanga mabehewa. Treni ya njia kuu hukuiendesha tena mpaka tulipokuzika Chukwani. Mbele yangu hukulalamika hata siku moja.

Safari hii wanataka kumwondoa dereva mwenyewe. Treni itajiendesha, na sisi tulioko kazini tutakaa ofisini kuitazama kwenye skrini. Mshahara haupungui, ila nafasi hizo ni chache, na hakuna atakayeajiriwa baada yetu. Sisemi kwamba mashine ni mbovu. Nimeiona ikifunga breki, inafunga vizuri kuliko mimi, na wala haisinzii. Lakini kuna siku umeme ulikatika, treni yangu ikasimama porini, mabehewa yote giza, watu wakaanza kugombania milango. Nilitoka kwenye chumba changu nikapita behewa kwa behewa. Bibi mmoja alikuwa akiuliza tu, "Jamani, kuna mtu?" Nikamwambia, "Naam, bibi. Mimi dereva." Alinishika mkono akakataa kuniachia, na wale waliokuwa wakisukumana wakakaa chini mmoja mmoja. Ninachokitaka mimi ni kwamba dereva abaki ndani ya treni, hata kama haendeshi. Wenzangu walinituma nikaliseme hilo.

Jana wajumbe wa chama tulikutana kwa simu, mimi nikiwa huku likizo kwa mama. Mwenyekiti alikuwa akiita majina, kila mmoja aseme ndiyo ikiwa anakubali dereva aondoke, au hapana. Kura zikawa sawa kwa sawa, na mimi ndiye wa mwisho. Akaniita. Nami, kama mlivyonilea, nikaitika, "Naam." Nikavuta pumzi niseme hapana, simu ikakatika.

Nilipowapata tena, watu walikuwa wanapongezana. Kule bara, baba, mwanamke akiitwa huitika "abee". Naam ya mwanamke waliisikia kuwa ni kukubali, na katibu akaiandika hivyo. Nimewauza wenzangu kwa neno la adabu.

Nilimpigia mwenyekiti nikamweleza. Hakuwa mkali. Alisema maamuzi yatatiwa saini leo mchana, na nikitaka kuyapinga nije mwenyewe niseme mbele ya wote, wakubwa wa reli wakiwepo. Kisha akateremsha sauti. "Dada, waliokataa majina yao yanajulikana kwa wakubwa," akasema. "Hiyo naam imekuokoa. Iache."

Naogopa, baba. Kinachonitisha zaidi ni wepesi wake, maana sitakiwi hata kusema uongo. Natakiwa kunyamaza tu, na nafasi yangu ofisini ipo. Wewe hukupewa mlango kama huu, na nimejiuliza mara nyingi kama ungepewa ungeupita. Mara nyengine nimekukasirikia kwa kuwa hupo nikuulize.

Nilimweleza mama. Alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Baba yako alisema hapana," akaniambia, "na hiyo hapana nimeila mimi."

Nayakumbuka mafuta ya moto yalivyomchoma mikono, na baadhi ya alama anazo mpaka leo. Nikamwambia tu kwamba asubuhi nitavuka.

Leo asubuhi nilikuwa nshavaa, begi lipo mlangoni, aliponiita kutoka jikoni. Nikaitika, "Naam."

"Hiyo ya kuitika," akauliza, "au ya kukubali?"

"Ya kuitika, mama."

Nilimsikia akizima jiko. Akaja na maandazi kayafunga kwenye kitambaa, akanitia mkononi bila ya kunitazama usoni.

"Basi kawaambie," akasema. "Nenda, boti haikungoji."

Ndio hapa nipo bandarini, naimalizia barua hii juu ya goti, na watu wameanza kupanda. Maandazi bado yana moto. Mwandiko umekwenda upande, utanisamehe. Wakiniita jina langu mchana huu nitaitika kama ulivyonifunza, na safari hii nitabaki nimesimama pale pale mpaka wasikie neno la pili.

Mungu akulaze pema, baba.

Msaidizi wako wa kona za Mkunazini,
binti yako.