Babu Ndani ya Filamu

Mjukuu wangu Nekesa,

Naona haya kukuita hivyo na nimemaliza shule juzi, lakini nina jina la marehemu nyanya yetu, basi ndivyo mlivyozoea. Wewe na mama hamjambo huko Mombasa? Sisi Nambale tu wazima, na mahindi yameshika.

Uliuliza kwa nini mpiga picha wetu bado anatumia filamu. Siku moja babu, ambaye hukataa picha, alimkubalia moja tu. Baadaye mpiga picha akawapiga majirani, kisha akaniachia kamera nimshikie. Nikaifungua nyuma nione babu ametokaje.

"Dada! Umeichoma filamu kwa mwanga! Unadhani hii ni simu?" mpiga picha akapiga kelele.

"Nilitaka kuona tu, mzee."

Akaifunga haraka. "Babu yako alikuwa wa kwanza, na ya kwanza hukunjwa katikati. Labda amejificha ndani kabisa, mwanga haukumfikia."

Kesho yake aliniita kwenye chumba chake cha giza, chenye taa nyekundu. Majirani wote walikuwa wameungua. Akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye dawa, nami nikainama kutazama. Polepole yakaja macho, kisha ndevu, kisha babu mzima, akitutazama kutoka majini. Simu haijawahi kunifanya nimngoje mtu hivyo.

Mpiga picha alivua kofia. "Karibu, baba," akamwambia.

Ni mimi,
Nafula