Batri Inayokufa Usiku

Jumatatu, 9 Juni 2014. Bwera
Pikapu limegoma tena, kama jana na juzi. Nageuza ufunguo, stata inasema tik, basi. Mimi na mwanangu Baluku tumelisukuma hadi mteremko wa kanisani. Gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka na moshi wake wote. Mchana kutwa linapiga kazi bila shida. Likilala, linakufa.

Ningevumilia kama si Jumamosi. Jumamosi tunapeleka mbuzi wa mahari Maliba, kwa kina Kabugho, msichana ambaye Baluku anataka kumwoa. Ni mwanangu wa kwanza kuoa. Safari iliyopita pikapu lilitufia Kasese mjini kwa ubovu mwingine, pale mto Nyamwamba, tukalala kando ya barabara pamoja na mbuzi. Baba wadogo wa Kabugho walisema watatupokea mara moja tu nyingine. Tukikosa kufika, watamfungulia mlango kijana mwingine aliyekwisha kubisha hodi.

Najua Maliba wananicheka. Hata mimi ningecheka.

Jumanne, 10 Juni
Nimefungua boneti tangu asubuhi. Vichwa vya batri vilikuwa na unga mweupe. Nikavimwagia maji ya moto, nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka grisi. Nikabonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole: umekaza. Tukalisukuma likawaka, nikawasha taa na kukanyaga mafuta: mwanga ukaongezeka. Kwa hiyo altaneta inachaji. Nikapeleka batri kwa yule anayechaji batri za watu stendi. Akaipima, akasema nzima kabisa.

Kila kitu kizima na gari limekufa! Biira, mke wangu, anasema tukodi gari la mtu. Sikodi.

Jumatano, 11 Juni
Limekufa. Sasa nimemjua mwizi: simu.

Nyumbani hatuna umeme. Majirani wanamletea Biira simu zao, naye anazichomeka kwenye pikapu jioni, zinalala humo. Leo nimetangaza uani, majirani wakisikia, kwamba gari langu si kampuni ya umeme. Nikamrudishia kila mtu simu yake mkononi.

Biira hakupandisha sauti. "Simu haiwezi maliza batri ya gari. Wewe unatafuta mwizi kwa nyumba yako." Kisha akasema Jumamosi atakwenda Maliba na bodaboda, nami nibaki na mbuzi wangu.

Upuuzi.

Alhamisi, 12 Juni
Hakuna simu iliyolala ndani. Limekufa vilevile.

Biira alisimama mlangoni akitutazama tukisukuma.

Baluku amepata lori linalopita Maliba kesho kutwa, dereva ni rafiki yake. Nikamjibu kwamba mbuzi wa mwanangu watapanda gari la baba yake. Akaondoka bila kula. Mimi nikala. Chakula hakikuwa na ladha. Naogopa. Msichana akienda kwa mwingine kwa sababu ya kiburi changu, huyu mtoto atanitazama vipi?

Ijumaa, 13 Juni
Siku ya soko, Mpondwe mpakani imejaa malori. Nilikwenda kwa Kasereka, fundi kutoka Butembo, Kongo, anayetengeneza magari karibu na forodha. Hana haraka yule mtu. Nilimweleza yote, hata habari za simu.

Alitoa waya mmoja wa batri, akaweka kibalbu kidogo kati ya waya na kichwa cha batri. Gari limezimwa, ufunguo mfukoni mwangu, na kibalbu kikawaka.

"Papa, batri iko muzuri. Kuko kitu inakunywa kuran." Kwao kuran ni umeme.

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya taa za breki, kibalbu kikazima. Nikasema haiwezekani, ningeziona zikiwaka. Akauliza gari linalala wapi. Uani, chini ya turubai. Tangu watu waanze kunyonya mafuta ya magari usiku, nalifunika lote jioni kungali na mwanga na kulifunga kamba hadi matairi. Asubuhi naruka ndani kuliwasha, batri ikiwa imekwisha kufa. Siangalii nyuma.

"Funika sasa," akasema. "Ingia chini."

Turubai nilikuwa nalo nyuma. Alirudisha fyuzi na waya wake, nikafunika, nikaingia kwa magoti, mzee mzima, wachukuzi wa soko wakitazama. Mle gizani taa zote mbili za breki zilikuwa nyekundu kama makaa.

Kumbe kipande cha mpira juu ya pedali ya breki, kinachogusa swichi ya kuzima taa, kimesagika. Pedali ikirudi, haibonyezi swichi, gari linadhani limekanyagwa breki usiku kucha. Kasereka aliomba kandambili yangu, akakata kipande cha kisigino, akakibandika pale. Zikazima.

Nimerudi nyumbani na kandambili moja na nusu. Nikamwomba Biira msamaha, uani palepale nilipopiga kelele. Akasema amesikia.

Jumamosi, 14 Juni. Maliba
Likawaka kwa ufunguo. Baluku alipiga mluzi. Biira alitoka amevaa gomesi yake, gauni la sherehe, akaipita bodaboda iliyokuwa ikimngoja, akapanda mbele.

Kasese tulisimama kuchukua soda. Sikutaka kuzima injini. Biira akanyoosha mkono, akazima mwenyewe. Likawaka tena, naye akatazama dirishani.

Mlima wa Maliba ulichemsha rejeta. Tulingoja ipoe, nikafungua kifuniko kwa kitambaa, nikamimina maji kidogo kidogo. Mbuzi walilia wote pamoja. Tulifika baba wadogo wakiwa bado wanapanga viti. Mmoja akazunguka gari zima, akapiga tairi teke, akasema, "Kumbe linapanda." Wakacheka, nami nikacheka. Mbuzi wamepokelewa. Kabugho ni wetu.

Jumapili, 15 Juni. Bwera
Tulirudi jana usiku; Baluku amebaki Kasese kutafuta nyumba ya kupanga. Hatarudi kulala hapa sana.

Baada ya misa nilikwenda uani, nikageuza ufunguo. Likawaka mara moja. Hakukuwa na mtu wa kuita asukume. Sikuwa na pa kwenda, lakini sikuzima. Biira akaja na chai, akafungua mlango wa upande wake, akaketi. Tukanywa injini ikiunguruma.