Mto Niliouchora Haupo Tena

Mtongwe, Likoni
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka Jilo,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, na goti la Mama limepunguza maumivu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Mwanasha anakusalimu, na watoto wote wawili wanakwenda shule. Anayesumbuka ni mimi peke yangu. Hii ni wiki ya tatu situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naelekea mlangoni bila kujua naenda wapi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mama Hadija wa kijiji cha pili, yule aletaye maembe soko la Kongowea, ameniahidi atakupa barua hii wewe mwenyewe.

Wajua kazi yangu ni kuziba na kupaka rangi boti za faiba. Tajiri wangu, Bwana Salim, alinunua kayaki sita kuukuu kutoka hoteli moja iliyofungwa, vile vitumbwi vyembamba vya watalii. Tulipomaliza kuzitengeneza akasema baharini wakodishaji wamejaa, yeye anataka mto. Akaniuliza kama mimi si mtu wa Mto Tana. Nikasema ndiye. Akataka kujua kama wageni watano wanaweza kuteremka kutoka Wenje hadi Garsen kwa siku tatu, wakilala ukingoni na kuangalia kima na ndege. Nikasema wanaweza, tena nitawaongoza mimi.

Kaka, siku hiyo nilijiona mtu. Miaka yote huku mimi ni fundi tu, hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu kukoje. Nilipasua mfuko wa saruji nikauchora mto wote. Nikaweka kivuko cha kwenda shamba la mihogo, kona ya mikuyu, na ule mchanga tuliokuwa tukioshea vyombo. Nikaandika hapa watalala, hapa hakuna mamba, hapa maji ni ya magoti. Bwana Salim akaubandika ukutani. Wageni wakakubali, jaketi za kuelea zikanunuliwa, na mimi nikawa natembea karakana nzima kama nahodha.

Kisha nikaenda Kongowea nikamhadithia Mama Hadija. Alinisikiliza huku akipanga maembe yake. Akaniuliza wageni watalala wapi usiku wa kwanza. Nikamwambia kwenye mchanga ulio chini ya mikuyu. Akaacha kupanga.

"Komora, pale hapana mto," akasema. "Mto ulihama mafuriko ya mwaka juzi. Pale Jilo amepanda mahindi. Na mchanga mpya uko ng'ambo, ndiko viboko wanakopandia."

Nikamtajia kivuko, akatikisa kichwa. Nikamtajia maji ya magoti, akaniambia ng'ombe wawili wamezama hapo. Nilirudi Mtongwe na mfuko wa maembe ambao sikumbuki nilivyoulipia.

Siku mbili sikumwambia Bwana Salim neno. Nilipiga msasa boti moja mpaka nikaitoboa. Wageni walikuwa wamebakisha siku tisa waje. Mwanasha aliniangalia nikizunguka uani, ukuta hadi ukuta, akanivumilia, halafu akasema kwa upole: "Wawapeleka watu mto usioujua, kwa kuwa waona haya kumuuliza nduguyo. Wakifa je?"

Asubuhi yake nilikwenda kazini nikaibandua ile karatasi ukutani, nikamweleza tajiri kwamba nimechora mto wa miaka ishirini nyuma. Hakunifukuza. Aliniuliza ni nani anayeujua mto wa sasa. Nikasema kaka yangu. Akasema basi mwite. Nikamweleza kwamba hatuzungumzi tangu mazishi ya baba yetu. Akasema hilo hawezi kunisaidia, ila wageni atawaahirisha, na hakuna mtu atakayetia mguu majini mpaka ndugu yangu aseme.

Kaka, mwaka wa mwisho wa Baba, maji yalipokuwa yakila ukingo, uliniita mara tatu nije tuihamishe nyumba ya Baba. Nilikujibu kwamba kazini hawaniruhusu. Ruhusa sikuiomba. Ukaihamisha peke yako, nguzo kwa nguzo, na Baba mgonjwa amelala kwenye mtumbwi. Nilipokuja kuzika nikaondoka kesho yake, nawe ukaniambia njiani, "Wewe huna kwenu hapa. Una mahali pa kutembelea tu." Nilikasirika miaka saba. Nilipokuwa nimesimama mbele ya yale maembe ndipo nilipojua kwamba hukunionea.

Mambo ya wageni nayaweka kando, utaamua utakavyo. Ninaloomba ni unipitishe mtoni mimi kwanza. Safari hii ruhusa nimeiomba kweli, nimepewa siku kumi. Nakuja Ijumaa na lori la maembe likirudi tupu, na kayaki moja ya viti viwili imefungwa nyuma. Nitakaa mbele, wewe ukae nyuma na kafi uniambie palipo na maji na palipo na hatari. Nimchukulie Mama dawa gani ya goti? Mwambie Mama Hadija, atanipigia.

Jambo moja sikuthubutu kumuuliza Mama Hadija. Sijui kama kaburi la Baba bado liko pakavu.

Msalimie Mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na shangazi msuka mikeka wa nyumba ya nyuma, na maalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado anaona. Watoto wako sijui hata ni wangapi sasa; wasalimie wote.

Kama jibu lako ni hapana, usiniandikie. Ngoja nifike, uniambie ukiwa umenitazama.

Mdogo wako,
Komora