Mrithi Asiyeambiwa Kitu

Kaka yangu hasemi tena! Jumapili alitoka misa akiwa mzima, akakaa kwenye kigoda, mdomo ukaenda upande, na mpaka leo Jumatano hajatamka neno. Mvua ya masika haijakatika tangu hapo. Ukungu umeufunika mlima, hata Morogoro kule chini haionekani.

Kaka ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Shamba lipi ni la nani, nani kaazimwa tu, mpaka unapita jiwe gani, vyote vimo kichwani mwake.

Kichwani tu.

Na mrithi wake ni mwanangu Anselmi. Nimelitangaza hilo kisimani, kanisani na sokoni, sitaficha. Mwanangu ni mwalimu, mwandiko wake kama umepigwa chapa! Kwetu Waluguru anayerithi ni mtoto wa dada, na mimi na dada yangu kila mmoja ana wa kwake. Wake ni Kobelo, asiyejua kusoma, lakini amezunguka mipaka na mjomba wake tangu utotoni. Mimi ndiye niliyemwambia kaka, "Utamwachia ukoo mtu wa kutia dole gumba?" Nikasema, nikasema, mpaka akachoka akamtaja Anselmi. Kobelo akashuka Ngerengere kukata mkonge. Hajapanda tena huku.

Halafu kaka alipotaka kumzungusha Anselmi mipakani, nikazuia. Nikasema mwache kwanza amalize masomo ya ualimu.

Ukutani nina picha ya rais wa Marekani, yule aliyefariki masika ya mwaka jana, vita havijaisha. Anselmi aliikata gazetini, nikaibandika kwa uji. Nilimpenda sana. Miguu haimbebi, na watu wake wamemchagua mara nne!

Jana Anselmi alikaa chini ya picha hiyo. "Mama, unajua huyu alimwacha makamu aliyekaa naye miaka minne, akachukua mwingine, na huyo mwingine hakuambiwa kitu? Hata habari ya lile bomu lililomaliza vita alielezwa baada ya mwenzake kufa."

Kisha akalia. Mwalimu mzima.

"Na mimi sijaonyeshwa hata jiwe moja."

Mwaka mzima nimemsifu yule mzee wa pichani kwa kushinda. Jana nikamwona mgonjwa aliyejua anaumwa na bado akanyamaza. Nikamkasirikia kweli. Halafu nikakumbuka kwamba kaka yangu hakunyamaza mwenyewe. Nilimnyamazisha mimi.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mto wanalitaka bonde letu la maharage, shamba linalotulisha sote. Wamesikia kaka hasemi, wakataka tuuzunguke mpaka pamoja. Anselmi ndiye wa kutangulia mbele. Akikosea, bonde limekwenda.

Dada alicheka kicheko kibaya. "Si anasoma, mdogo wangu? Mwambie basi ausome huu mlima."

Leo asubuhi nimempigia dada magoti, nikamwuliza mwanawe Kobelo analala wapi.

"Kambi ya pili kutoka stesheni. Nenda mwenyewe, usitume barua. Hajui kusoma, umesahau?"

Kesho nitashuka na mvua hii hii. Lakini nitamwambia nini? Amwonyeshe mwanangu mawe kisha arudi kwenye mkonge wake? Au nimwambie njoo, urithi ni wako, tena niyaseme hayo Anselmi akisikia? Kifua kinakataa.

Jirani wameshatuma neno. Wanakuja wote, wazee wao na wake zao, Jumamosi.